Mteja Amekufa, Faili Iko Mezani

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nairobi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya taharuki kwa Kiswahili. Mhusika mkuu ni mwanasaikolojia mwenye ofisi Upper Hill. Mteja wake, mhasibu wa miaka 34, anapatikana amekufa chini ya jumba la ghorofa Kilimani. Polisi wanasema alijirusha. Mwanasaikolojia haamini. Anaenda mochari, anamhoji mume wa marehemu, anamtambua kuwa mwongo kwa kumtazama machoni, na mwishowe anamfichua muuaji. Rafiki zangu walioisoma wanasema inasisimua lakini haiaminiki. Je, mwanasaikolojia anaweza kuchunguza kifo namna hiyo? Kama hawezi, nifanyeje?"

Jibu:

Mwalimu, rafiki zako wamekuambia kweli, lakini usiitupe kazi ya miaka miwili. Umempa mwanasaikolojia wako kazi ya mpelelezi ukamnyang'anya kazi yake mwenyewe, ambayo inatisha zaidi. Nimekalia kiti hicho cha kusikiliza watu kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Nairobi, na mara kadhaa nimeitwa kortini kueleza niliyoyasikia. Mteja akifa kifo chenye shaka, mwanasaikolojia anakuwa shahidi. Na shahidi ana hofu ambazo mpelelezi hazijui.

Tuanze na usiku wenyewe. Anayesikia kishindo ni mlinzi wa geti. Yeye ndiye atakayempigia msimamizi wa jengo. Polisi watafika, tukio litaandikwa kituoni, na familia itapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ambayo wataitaja kila mlango watakaobisha. Mwili utapelekwa mochari. Upasuaji utafanywa na mwanapatholojia wa serikali, na familia yenye uwezo italeta mwanapatholojia wake asimame kando akitazama. Sampuli zitapelekwa kwa Mkemia wa Serikali, kule karibu na Hospitali ya Kenyatta, na majibu yake hayarudi kesho yake. Katika safari hiyo yote mwanasaikolojia hana pa kusimama. Hakuna atakayemfungulia mlango wa mochari, na huenda hata habari zisimfikie. Mteja wake anatarajiwa Jumanne saa nane mchana. Saa nane inapita, saa nane na robo inapita, naye anaandika kwenye faili kwamba mteja hakufika. Siku tatu baadaye anapigiwa simu na dada wa marehemu, aliyeona jina lake kwenye ujumbe wa malipo ya M-Pesa. Sura yako ya kwanza iko kwenye kile kiti kitupu cha Jumanne. Mochari iache kabisa.

Kuhusu sheria nitakwenda haraka. Polisi wakikuta kifo kinachotia shaka wanapaswa kupeleka taarifa kwa hakimu, na hakimu anaweza kufanya inkwesti, yaani kikao cha wazi cha kutafuta mtu alikufaje. Mashahidi huitwa, nyaraka huletwa, na mwishoni hakimu anaweza kusema kuna mtu wa kujibu, au hakuna, au haijulikani. Mwaka wa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, lakini miaka iliyofuata kazi hiyo iliendelea kubebwa na polisi na hakimu. Inkwesti ni zawadi kwa mwandishi wa taharuki. Haina mshtakiwa. Kila aliyeketi pale anaweza kutoka akiwa mshukiwa, na mwanasaikolojia wako pia yumo.

Kuna tarehe nyingine inayoweza kubadilisha riwaya yako nzima. Mpaka juzi, kujaribu kujitoa uhai kulikuwa kosa la jinai Kenya chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo amua hadithi yako inatukia mwaka gani. Ikiwa marehemu aliwahi kujaribu mwaka wa 2019, familia yake ilikuwa na sababu nzito ya kuficha, zaidi ya aibu. Faili ya hospitali itasema alimeza dawa kwa makosa. Mama yake atasema vivyo hivyo, na atakuwa amelisema mara nyingi hata analiamini. Mwanasaikolojia wako alipouliza katika kikao cha kwanza kama jambo kama hilo limewahi kutokea, alijibiwa hapana. Hapo una uongo usio na mwovu ndani yake, na ni vigumu kuufumbua kuliko ule wa mume.

Sasa huyo mume na macho yake. Tafadhali kifute kipande hicho. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi za watu wanaojaribu kutambua uongo, na mwaka wa 2006 wakachapisha walichokiona: kwa wastani watu hupatia mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungewapa 50. Na hapa kwetu ni vibaya zaidi. Kijana aliyelelewa kwa adabu hamkazii macho mkubwa wake. Mume akimjibu mwanasaikolojia huku ametazama sakafu, huenda ana hatia, huenda ana haya, huenda amekaa siku nne bila usingizi akipokea wageni wa matanga. Mwanasaikolojia aliyefunzwa analijua hilo. Ukimfanya asahau, unitolee sababu ya kusahau kwake.

Na sababu ipo. Mwalimu, jiulize: kwa nini mwanasaikolojia wako haamini kwamba mteja wake alijitoa uhai? Katika muswada wako anasema, "Nilimjua, asingeweza." Wewe umeiandika sentensi hiyo kama ushahidi. Mimi nikiisoma nasikia mtu anayejitetea. Kama mteja alisukumwa, mwanasaikolojia hana lawama. Kama alijirusha, basi mwanamke aliyeketi mbele yake saa nzima kila Jumanne kwa miezi kumi na moja alikuwa akielekea ukingoni na yeye hakuona. Anamhitaji muuaji. Anamhitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Hiyo ndiyo injini ya riwaya yako, na tayari unayo, hujaiwasha tu. Na linalotia uchungu ni kwamba huenda yuko sahihi. Mtu anaweza kutafuta muuaji kwa sababu mbovu na muuaji akawepo kweli.

Kuna kazi halali inayokaribia unayoitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Los Angeles, mkuu wa uchunguzi wa vifo Theodore Curphey alikuwa akipata vifo ambavyo mwili peke yake haukutosha kuvieleza. Mtu amemeza dawa nyingi: alisahau alizokwisha kumeza, au alikusudia? Akaomba msaada kwa Edwin Shneidman na Norman Farberow, wanasaikolojia, pamoja na Robert Litman, daktari wa magonjwa ya akili, waliokuwa na kituo cha kuzuia watu kujitoa uhai. Nao wakawa wanakwenda kwa ndugu, marafiki na waajiri wa marehemu, wakisoma barua, wakiuliza siku zake za mwisho zilikwendaje: alikula, alilala, alilipa deni gani, alimpa nani vitu vyake. Lengo lilikuwa kusaidia kuamua kama kifo ni cha maradhi, cha ajali, cha kujitoa uhai au cha kuuawa. Mimi huuita uchunguzi wa nafsi ya marehemu.

Mwanasaikolojia wako angeweza kuufanya Nairobi, na mji ungempa vya kusoma. Lipo daftari la wageni getini, ambamo kila anayeingia huandika jina, namba ya kitambulisho na saa, na ambamo wengi huandika ovyo kwa sababu mvua inanyesha. Ipo taarifa ya M-Pesa. Hebu fikiria marehemu alinunua tokeni za stima za shilingi 1,000 saa tatu na dakika arobaini usiku, na akafa kabla ya saa tano. Nani hununua stima ya wiki mbili kwa nyumba ambayo hatarudi kulala? Mwanasaikolojia wako ataikumbatia tokeni hiyo kama mtoto. Lakini Shneidman alisisitiza kwamba anayekaribia kujitoa uhai mara nyingi huwa na nia mbili kwa wakati mmoja, kufa na kuokolewa. Mtu kama huyo anaweza kununua stima. Usimwambie msomaji hilo mapema. Acha ashike tokeni pamoja naye, kisha imponyoke mkononi katika sura ya kumi na mbili.

Uchunguzi huu una historia ya kutia hofu ambayo ningependa uisome kabla ya kuendelea. Tarehe 19 Aprili 1989 mlipuko ulitokea katika mnara wa mizinga wa manowari ya Marekani, USS Iowa, na mabaharia 47 wakafa. Jeshi la majini lilimtuhumu mmoja wa waliokufa, Clayton Hartwig, kwamba alilipua kwa makusudi. Maafisa wa FBI waliandika tathmini ya nafsi yake iliyounga mkono tuhuma hiyo, wakitegemea nyaraka na mahojiano yaliyofanywa na wachunguzi wa jeshi wenyewe. Kamati ya Bunge la Marekani ilipowaita wanasaikolojia waipitie, wengi wao waliikosoa vikali. Majaribio ya kiufundi yakaonyesha kwamba baruti ingeweza kulipuka kwa kusukumwa kwa nguvu na kasi kupita kiasi ndani ya mzinga. Mwaka wa 1991 jeshi likaiomba radhi familia ya Hartwig. Kijana wa watu alikuwa amekufa kazini, na kwa miaka miwili wazazi wake waliishi na jina la muuaji kwa sababu watu waliosoma waliisoma nafsi yake huku jibu likiwa tayari mfukoni.

Hatari ya mwanasaikolojia wako iko hapo hapo. Atakapozungumza na mlinzi wa geti, atauliza, "Yule mwanamume aliondoka saa ngapi?" Mlinzi hakumtaja mwanamume yeyote. Mwaka wa 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawauliza wengine kasi ya magari "yalipogongana" na wengine kwa kitenzi kikali zaidi, tuseme "yalipopondana". Waliosikia kitenzi kikali walitaja kasi kubwa zaidi. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Lakini 16 kati ya 50 wa kitenzi kikali walisema waliviona, na wa kitenzi cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Kitenzi kimoja tu! Basi mlinzi wako, mtu mwema, aliyekesha zamu ya saa kumi na mbili, ataulizwa habari za "yule mwanamume" na daktari mwenye suti. Wiki ikipita atakumbuka na rangi ya shati lake. Msomaji akigundua kwamba shahidi mkuu wa mauaji ametengenezwa na mhusika anayempenda, atashtuka kuliko kisu chochote kingemshtua.

Nimefika kwenye faili sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, wengi wataitaka. Mume ataiomba kama mrithi. Mpelelezi ataiomba kwa maneno matamu, kisha kwa maneno makali. Kufa kwa mteja hakufuti wajibu wa kumtunzia siri, kwa hiyo mwanasaikolojia mwadilifu atasema aletewe amri ya mahakama. Lakini Sheria yetu ya Ushahidi, inayomlinda wakili na siri za mteja wake, haimpi mwanasaikolojia ngao kama hiyo. Hakimu akiagiza, atasimama na kusema. Anajua hivyo tangu siku ya kwanza, na kila usiku anaifungua faili ile kuona atakachosomewa hadharani.

Pili, faili yenyewe. Sijui kama umewahi kufikiria hili, na ndilo jambo ambalo ningekuomba ulichukue hata ukiacha mengine yote. Nairobi, mteja huzungumza Kiswahili, anaingiza Sheng, akilia anarudi lugha ya mamake. Mwanasaikolojia husikiliza hayo yote, kisha mteja akishatoka, anaandika kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa darasani na ndivyo faili zetu nyingi zilivyo. Maneno ya mtu yanapita kwenye daraja hilo kila wiki, na mengine yanaanguka majini.

Mteja anasema, "Daktari, nimechoka." Unaandika neno la Kiingereza la uchovu, na anayesoma ataona mwili uliofanya kazi sana. Lakini wewe na mimi tunajua kuna kuchoka kunakotibiwa na usingizi na kuna kuchoka kwa mtu aliyechoka na dunia. Anasema, "Nataka tu kupumzika." Unaandika kwamba anapanga likizo. Kumbe kwenye matangazo yetu ya vifo ni neno hilo hilo: apumzike kwa amani. Anasema, "Nataka kwenda nyumbani." Mkaazi wa Nairobi ana nyumba anayolipia kodi, na nyumbani ni kwingine, ni Kakamega au Machakos, ni kwa mama, na ndiko atakakozikwa. Anaomba nauli au anaaga?

Na kuna hili, Mwalimu, nakupa bure: "Huyu mtu atanimaliza." Wanawake wangapi wameniambia maneno hayo kuhusu waume zao! Wengi walimaanisha ananichosha, ananila hela, ananitia kichaa. Lakini neno lenyewe limesimama pale na maana yake ya kwanza, atanimaliza, nisiwepo. Mwanasaikolojia wako aliyasikia katika kikao cha nne. Aliandika kwa Kiingereza kwamba mteja anaona ndoa yake inamchosha. Je, marehemu alikuwa analalamika, au alikuwa anatoa taarifa? Fumbo lote la riwaya yako linaweza kukaa ndani ya kitenzi hicho kimoja, na ni fumbo ambalo Kiswahili peke yake kinaweza kulibeba.

Nitakueleza kwa nini nalijua kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mteja mwanamume. Mengine yake nimeyabadilisha. Katika kikao chetu cha mwisho aliniambia kwa furaha, "Mwezi ujao napumzika." Niliandika kwamba amepata likizo kazini na hali yake inatia moyo. Nililiandika neno hilo, inatia moyo. Siku tisa baadaye alikufa barabarani, peke yake ndani ya gari, usiku, barabara ikiwa kavu. Familia ilisema ajali, polisi walisema ajali, na huenda ilikuwa ajali. Kweli alikuwa na siku kumi na nne za likizo. Mkubwa wake kazini aliniambia. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi sana. Jinsi alivyolitamka neno lile bado nakumbuka, au nadhani nakumbuka, kwa sababu baada ya maswali mengi ninayojiuliza mwenyewe usiku, mimi nami ni kama yule mlinzi wa geti.

Kwa hiyo usimpe msomaji wako vikao kama vilivyotokea. Mpe maandishi ya faili kwanza, makavu, yenye tarehe. Anza kuvirudisha vikao kutoka kumbukumbu ya mwanasaikolojia kadiri hofu yake inavyopanda, na kila kikao kinaporudi kiwe kimebadilika kidogo: mara mteja alikuwa akicheka, mara alikuwa amevaa mikono mirefu siku ya joto. Usitangaze mabadiliko hayo. Msomaji makini atarudi nyuma kurasa hamsini kuhakikisha, na akirudi umempata.

Mpeleke mwanasaikolojia pia kwenye kamati ya mazishi. Atakaa kiti cha nyuma, hakuna anayemjua, akisikiliza orodha ya michango ikisomwa. Pale atasikia nani ametoa nyingi kupita kiasi na nani anaharakisha maziko. Lakini kuharakisha nako kuna sababu mia. Kuna gharama ya mochari inayopanda kila siku, kuna basi la kukodi, na kwa Waislamu kuna wajibu wa dini wa kutomchelewesha maiti. Usimfanye anayeharakisha awe na hatia kwa hilo tu.

Ombi moja kama mtaalamu: kifo chenyewe usikieleze hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani huwasihi wanahabari wasitaje njia kwa undani, kwa sababu msomaji aliye ukingoni husoma tofauti na wewe na mimi. Riwaya yako haipotezi chochote. Yaliyotokea kwenye ile roshani ndiyo tusiyoyajua.

Umeuliza ufanyeje, basi tuje kwenye mwisho. Muuaji unaweza kubaki naye ukitaka. Sina ugomvi na hilo. Ila asifichuliwe na mwanasaikolojia sebuleni. Mwite mwanasaikolojia kwenye inkwesti. Mahakama za hakimu hutumia Kiingereza au Kiswahili, na siku hiyo wamekubaliana Kiswahili kwa sababu ya mama wa marehemu, ambaye ameketi mstari wa mbele na leso mkononi. Faili imeshikwa, amri ya mahakama imekuja. Wakili wa familia anamwomba asome kikao cha nne. Anasoma, akitafsiri Kiingereza chake mwenyewe papo hapo, kwamba mteja aliona ndoa yake inamchosha. Wakili anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamuuliza kwa upole marehemu alizungumza lugha gani siku ile, na kama daktari anaweza kuiambia mahakama maneno yenyewe. Mama anainua kichwa. Mume naye anainua kichwa.